Claude Shannon na Safari ya Ujumbe

Tuseme mzee mmoja yuko Handeni. Binti yake yuko Korogwe, naye anataka kwenda kumsalimu baba yake. Mvua za masika zimeharibu njia. Mzee anampelekea binti ujumbe wa neno moja tu: USIJE. Njiani herufi mbili zinapotea. Binti anasoma: UJE. Anafunga mzigo wake na kuanza safari ya hatari.

Ujumbe utafikaje bila kuharibika? Mtu aliyelijibu swali hili kwa hesabu aliitwa Claude Shannon.

Utoto wake

Shannon alizaliwa tarehe 30 Aprili 1916, katika jimbo la Michigan, nchini Marekani. Alikulia Gaylord, mji mdogo wenye mashamba. Mama yake alikuwa mwalimu.

Mashamba ya huko yalizungushiwa waya wa seng'enge. Claude na rafiki yake waliutumia waya huo kupelekeana habari. Nyumba zao zilikuwa mbali, karibu mita 800. Baadaye, katika ujana wake, Claude alifanya kazi ya tarishi. Alipeleka habari za simu kwa wenyewe.

Masomo na kazi

Alisoma hisabati na ufundi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Michigan, akamaliza mwaka 1936. Mwaka uliofuata alionyesha jambo kubwa. Swichi za umeme zina hali mbili tu: kuwaka na kuzimika. Lakini zikipangwa vizuri, zinaweza kufanya hesabu. Kompyuta hufanya kazi kwa njia hiyo.

Mwaka 1948 Shannon alitoa maandishi yaliyomfanya ajulikane duniani. Alionyesha kwamba habari inaweza kupimwa, kama mahindi yanavyopimwa kwa kilo.

Habari hupimwaje? Tuseme mgeni anatafuta nyumba moja kati ya nyumba 8 zilizo katika mstari. Anauliza: je, imo katika nyumba 4 za kwanza? Akijibiwa ndiyo au hapana, zinabaki nyumba 4. Anauliza tena, zinabaki 2. Anauliza mara ya tatu, anaijua nyumba. Basi, nyumba 8 zinahitaji maswali 3. Nyumba 16 zinahitaji maswali 4. Kila jibu la ndiyo au hapana ni kipimo kimoja. Kipimo hicho huitwa biti.

Kelele njiani

Ujumbe hukutana na kelele njiani. Wewe mwenyewe umesikia redio ikikwaruza wakati wa radi. Watu wengi walidhani kwamba kelele zikiwapo, makosa hayaepukiki. Shannon alithibitisha kwamba sivyo. Kila njia ya habari ina kiasi inachoweza kubeba, kama gunia. Usipozidisha kiasi hicho, na ukiupanga ujumbe vizuri, makosa yatakuwa machache mno. Ukizidisha, ujumbe utaharibika.

Kuupanga vizuri ni pamoja na kuongeza alama za kuulinda ujumbe. Tumrudie mzee wetu. Kama angeandika: USIJE, MVUA IMEHARIBU NJIA, na herufi zile mbili zikapotea, binti angesoma: UJE, MVUA IMEHARIBU NJIA. Angeona kwamba maneno hayapatani. Angeuliza kabla ya kuondoka.

Leo simu za mkononi na kompyuta hufanya hivyo hivyo. Huongeza alama ambazo sisi hatuzioni. Kosa likitokea, alama hizo husaidia kulitambua na kulisahihisha. Hata picha zinazotumwa na vyombo vilivyo mbali sana angani hulindwa kwa njia hii.

Mwisho wake

Shannon alipenda michezo na kutengeneza vitu kwa mikono yake. Mwaka 1950 alitengeneza panya wa bandia aliyejifunza njia ndani ya kijumba chenye vichochoro vingi.

Katika uzee alipatwa na ugonjwa wa kusahau. Mtu aliyefundisha dunia jinsi ya kuzilinda habari akapoteza kumbukumbu zake mwenyewe. Alifariki tarehe 24 Februari 2001, akiwa na umri wa miaka 84. Kazi yake inatumika kila siku, hata vijijini kwetu.

Nasi tunaoandika ujumbe, tusifanye ubahili wa maneno penye hatari. Tuandike jambo, kisha tuandike na sababu yake.

Maswali

1. Claude na rafiki yake walitumia nini kupelekeana habari?
2. Nyumba zikiwa 32, mgeni atauliza maswali mangapi?
3. Andika ujumbe wa kumzuia mtu asisafiri. Ufute herufi mbili. Je, bado unaeleweka?