Simon Kimbangu: miezi mitano ya kuhubiri, miaka 30 ya buloko



Kila tunapokutana kuna swali moja linarudi. Mtu aliyerudi kijijini na kukuta shamba lake liko mikononi mwa mwingine, ama aliyeandikishwa kupewa msaada na jina lake likapotea njiani, afanye nini? Wengine kati yetu wanasema anyamaze, sababu aliyerudi hana nguvu, na mwenye kulalamika anaitwa haraka mtu wa fujo. Wengine wanasema aseme, hata kama itamletea matatizo. Siku zote tunatoka kwenye mkutano bila kupatana.

Kwa hiyo safari hii tumechagua kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake tunalijua wote, lakini habari yake wengi tunaijua nusunusu. Tangu mwaka wa 2023, tarehe 6 Aprili ni siku ya mapumziko katika nchi nzima kwa kumkumbuka. Watoto hawaendi masomo, ofisi zinafungwa, na ukiuliza sababu gani, watu mingi wanajibu tu kwamba ni siku ya Kimbangu, basi. Lakini habari yake inatugusa sisi zaidi kuliko wengine, kwani nyuma yake kuna maelfu ya watu waliotolewa kwao kwa nguvu, wakaishi mbali miaka mingi, halafu wakarudi.

Mtoto wa Nkamba

Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, kijiji cha Bas-Congo, upande wa magharibi wa nchi yetu. Kanisa lake linashika tarehe 12 Septemba 1887. Mama yake alikufa mapema, na shangazi yake aliyeitwa Kinzembo ndiye alimlea. Alikua karibu na misioni ya Wabatisti Waingereza ya Ngombe-Lutete. Kule alijifunza kusoma Biblia, na tarehe 4 Julai 1915 akabatizwa pamoja na mke wake Marie Muilu. Walizaa wavulana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Nyakati zile zilikuwa nzito. Leta ya Wabelgiji ilidai kodi kwa franka, na kupata franka ilibidi mwanaume aache shamba lake aende kutumika kwa wazungu. Ugonjwa wa usingizi ulikuwa umemaliza vijiji vizima. Mwaka wa 1918 ikafika homa kubwa iliyozunguka dunia yote, ikaua watu mingi katika Bas-Congo. Ni wakati huo Kimbangu alianza kusikia sauti ikimwita achunge kondoo wa Mungu. Hakuitika. Alijiona hafai, kwa kuwa kulikuwa wengine waliosoma kumpita. Alikimbilia Léopoldville kutafuta kazi, lakini kule pia hakupata utulivu, akarudi kijijini.

Hapa tunataka tusimame kidogo. Mtu huyu hakuamka asubuhi moja akitaka kugombana na wakubwa. Alikimbia mara ya kwanza, sawa vile wengi wetu tungefanya.

Miezi mitano

Tarehe 6 Aprili 1921, katika Ngombe-Kinsuka, aliweka mikono juu ya mama mmoja mgonjwa, jina lake Nkiantondo, na yule mama akapona. Habari ilikimbia kama moto wa kiangazi. Kisha siku chache watu walianza kufika Nkamba kwa miguu na kwa gari la moshi, wakibeba wagonjwa wao. Hospitali za misioni zilibaki na vitanda vitupu. Watumishi waliacha kazi zao kwenda kumsikiliza.

Aliwaambia nini? Waache nguvu za uchawi na sanamu zake, mwanaume awe na mke mmoja, waache ngoma zisizofaa, waishi kwa upendo. Hakuita watu kushika silaha. Hakuwaamuru wakatae kodi. Ukitafuta katika mafundisho yake mpango wa kupindua serikali, hautaupata.

Basi, Leta iliogopa nini? Iliogopa jambo moja: mtu mweusi alisimama, maelfu wakamfuata, na hakuna aliyeomba ruhusa, wala kwa administrateur, wala kwa misioni. Mashamba na viwanda vilikosa watumishi. Wafanyabiashara walilalamika. Wamisionari Wakatoliki walitaka Leta itumie nguvu, na wale wa Kiprotestanti waligawanyika. Tena manabii wengine walitokea katika eneo lile, na wengine kati yao walisema wazi kwamba utawala wa wazungu uko karibu kuisha. Leta iliwaweka wote katika kikapu kimoja.

Mwezi wa Mei administrateur Léon Morel alifika Nkamba kuchunguza. Tarehe 6 Juni alirudi na askari ili kumkamata. Kukawa vurugu, vitu vya watu vikaporwa, na katika fujo ile Kimbangu akapona. Kwa miezi mitatu alijificha kijiji kwa kijiji, na hakuna aliyemuuza. Halafu, tarehe 12 Septemba, alirudi mwenyewe Nkamba na kujitoa mikononi mwa askari, akiwakataza wafuasi wake kupigana. Toka Aprili mpaka Septemba: miezi mitano tu. Kazi yake yote mbele ya watu iliishia pale.

Hukumu ya Thysville

Walimpeleka Thysville, mji tunaouita leo Mbanza-Ngungu, mbele ya korti ya kijeshi iliyosimamiwa na komanda de Rossi. Hakuwa na mwanasheria wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 walimhukumu kuuawa, na kabla ya kuuawa apigwe fimbo 120. Kosa lake, walisema, ni kuchochea watu juu ya usalama wa serikali na juu ya wazungu.

Wamisionari wa Kibatisti, na wengine pamoja nao, waliomba asiuawe. Mwezi wa Novemba, mfalme Albert wa Kwanza aligeuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Kimbangu alisafirishwa mpaka Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, pembe nyingine kabisa ya koloni, mbali na watu waliosema lugha yake. Alibaki katika buloko mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Dunia yote inajua miaka 27 ya Nelson Mandela, na ni haki ijulikane. Ile 30 ya mtu wetu, hata sisi wenyewe tunaisahau.

Mwezi wa Desemba 1941, akiwa bado amefungwa, katika mji uleule watumishi wa migodi waligoma wakidai mshahara wa kuwalisha. Askari waliwafyatulia risasi, na wengi wakafa. Wale waliacha kazi, huyu alikuwa amehubiri. Njia mbili tofauti, lakini jibu la Leta lilikuwa moja: nguvu. Kumbe kunyenyekea kwa sauti hakumkingi mtu kila mara. Tuseme hilo wazi, ili mtu asidhani kwamba ukisema kwa upole basi hautaumia.

Waliotawanyishwa

Baada ya kumfunga kiongozi, Leta iligeukia wafuasi. Ilikataza mikutano yao. Walioshikwa wakiomba kwa jina lake walihamishwa mbali na kwao, mara nyingi kwa amri ya ofisi tu, bila kupita mbele ya mwamuzi. Walipelekwa Oshwe, Belingo, Ekafera, Kasaji, na hata Lowa, kwenye mto Lualaba, katika nchi ya Kiswahili. Wengine walikwenda na wake na watoto, wengine waliwaacha nyuma. Kule waliishi chini ya macho ya walinzi na kulimishwa mashamba. Kanisa la Kimbangu linahesabu familia 37,000 zilizohamishwa toka 1921 mpaka 1959; wanahistoria wengine wanatoa hesabu ndogo zaidi. Hata ukichukua hesabu ndogo, ni watu mingi sana waliolala usingizi wao wa mwisho katika udongo usio wa kwao.

Leta ilidhani kwamba ukitawanya makaa, moto unazima. Ikawa kinyume. Kila fasi walipotupwa, waliomba pamoja, waliimba pamoja, na majirani wakaanza kuuliza. Jambo lililokuwa la Wakongo wa Bas-Congo peke yao likaingia katika makabila mengine. Waliowahamisha ndio waliwasambaza.

Na kule nyumbani, Mama Marie Muilu hakuacha. Leta ilimchunga, hakuwa na ruhusa ya kukusanya watu, lakini kwa siri ndiye alishika mambo kwa miaka karibu 38. Watu walikuja usiku kuomba na kupata neno la kuwatia moyo. Tunaposema Kimbangu alivumilia, tuseme pia Marie Muilu alivumilia, na pengine mzigo wake ulikuwa mrefu zaidi. Akina mama wa chama chetu wataelewa bila sisi kueleza.

Barua ya watu wasio na silaha

Katikati ya miaka ya 1950, Kimbangu akiwa amekwisha kufa, wafuasi wake walichoka kukamatwa mmoja-mmoja. Joseph Diangienda, mtoto wa mwisho, aliyekuwa ametumika katika ofisi za Leta yenyewe, alikuwa kati ya waliowaongoza. Watu karibu 600 wa Léopoldville walitia mkono chini ya barua kwa Gavana Mkuu Pétillon. Walimwambia kwamba wamechoka kuteswa kwa ajili ya kuomba Mungu. Kama ni kosa, basi wako tayari kukusanyika wote katika stade ya mji, bila silaha, Leta ifanye nao inachotaka.

Tufikiri kidogo juu ya barua ile. Mtu moja akilalamika, Leta inamfunga. Watu 600 wakiandika majina yao na kusema tuko hapa, njooni mtuchukue, Leta inaanza kufanya hesabu. Buloko haina nafasi ya kutosha, na dunia inaangalia. Kidogokidogo kamba ililegezwa, na waliohamishwa wakaanza kurudi. Mama Marie Muilu alikufa tarehe 27 Aprili 1959, bila kuona mwisho. Tarehe 24 Desemba mwaka uleule kanisa likatambuliwa na sheria. Aprili 1960, miezi mitatu mbele ya uhuru, mabaki ya Kimbangu yalirudishwa kutoka Élisabethville mpaka Nkamba. Yeye pia, basi, ni mtu aliyerudi. Na mtoto wake Charles Kisolokele, aliyekuwa mtoto mdogo wakati baba yake anahukumiwa, akaingia katika serikali ya Lumumba kama waziri.

Upande mwingine wa habari

Hatutaki kuandika hadithi ya watakatifu tu. Kanisa lililozaliwa katika mateso lilikua, likaingia katika Baraza la Makanisa la Dunia mwaka wa 1969, na katika wakati wa Mobutu likawa kati ya makanisa machache yaliyotambuliwa, tena karibu na utawala. Kuna wanaolaumu kwamba waliokataa kunyamaza mbele ya Wabelgiji walinyamaza mbele ya mkubwa mweusi. Wengine wanajibu kwamba waliokuwa wameteswa karibu miaka 40 walikuwa na haki ya kupumua. Kati ya wanamemba wetu kuna Wakimbangu, na tunajua maneno haya si mepesi. Lakini yanatufundisha kitu: aliyesema jana anaweza kunyamaza kesho akipewa kiti. Hata komite ya chama kidogo kama chetu inaweza kupatwa na hilo.

Tunachukua nini?

Kwa wale waliosema mtu anyamaze: hamkosei mnapoogopa. Kimbangu alilipa miaka 30, na familia maelfu zililipa pamoja naye. Hatuna haki ya kumsukuma mtu moja mbele, halafu sisi tukae nyuma tukiangalia.

Kwa wale waliosema aseme: habari hii inaonyesha ni kwa nini neno lile halikufa. Halikufa sababu watu hawakumuuza aliyejificha, sababu walibaki pamoja hata fasi walipotupwa, na sababu siku moja 600 walitia mkono kwenye karatasi moja. Kulalamika peke yako ni hatari. Kusaidiana bila kusema neno hata moja ni kufunika kidonda. Vitu viwili hivi vinatakiwa viende pamoja.

Kwa ninyi wafadhili: mabati, mbegu na pesa za masomo mnazotuma zinatusimamisha, na tunashukuru kweli. Lakini msishangae siku mtakapoona barua yetu yenye majina mengi, ikiuliza juu ya shamba la mjane au juu ya listi iliyokosewa, hata kama listi ile ilipitia kwenu. Barua ile haitakuwa fujo. Itakuwa dalili kwamba wale mliowasaidia kusimama wamesimama.

Na kwa wanamemba wote: mwenye neno asilibebe peke yake. Alilete kwenye mkutano unaokuja, tulisikilize, na kama ni la haki tulitie mkono wote.