Dan Crawford, Mskoti aliyekusanya maneno ya Bunkeya

Bunkeya, katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba, inajulikana zaidi kwa jina la mwami Msiri. Wachache wanakumbuka kwamba katika mji huohuo kijana mmoja wa Uskoti alianza kuandika maneno ya Kisanga, moja baada ya lingine, akiwauliza wazee maana yake.

Dan Crawford alizaliwa mwaka 1870 huko Gourock, mji mdogo wa bandari. Aliondoka Uingereza mwaka 1889 pamoja na mmisionari Frederick Stanley Arnot, ambaye alikuwa amekwisha kuishi kwa Msiri. Walipitia Angola, njia ya misafara ya Benguela. Crawford aliingia Bunkeya mwishoni mwa 1890, hata miaka 20 hajatimiza.

Bunkeya ya wakati ule haikuwa mji wa lugha moja. Wayeke walikuja na Kisumbwa kutoka upande wa Tanzania ya leo, wenyeji walisema Kisanga, wafanyabiashara wa mashariki walileta Kiswahili, wale wa Angola lugha yao, na mateka waliotekwa huku na kule kila mmoja na ya kwao. Asiyeuliza hakuelewa. Crawford aliuliza bila kuchoka. Watu wakampa jina Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Mkusanya maneno lingemfaa vilevile.

Kazi hiyo ilikuwa na haraka, ingawa pengine yeye mwenyewe hakuliona hilo siku za kwanza. Mwaka 1891 Wasanga waliasi, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri aliuawa na kapteni Bodson, wa msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold. Njaa ikafuata, mji ukatawanyika. Watu walipokimbia, walikimbia na maneno yao: ya uwindaji, ya mazishi, ya kuyeyusha shaba, yale ambayo kijana huyasikia kwa mzee tu na hayaandikwi popote. Kiyeke chenyewe kimerudi nyuma sana tangu hapo. Bunkeya leo inasema Kisanga, na Kiyeke kinasikika zaidi katika nyimbo na sherehe za mwami.

Crawford alihamia Lufoi, karibu na kituo cha serikali ya Leopold, halafu Luanza, kando ya ziwa Mweru, ambako alikaa mpaka mwisho wa maisha yake. Mwaka 1896 alimwoa Grace Tilsley. Agano Jipya katika lugha ya Luba-Sanga lilitoka mwaka 1904. Mtu anayetafsiri kitabu kama hicho hukutana na theluji, jangwa na merikebu katika nchi ya majani marefu, na hapo kamusi ya Ulaya haimsaidii. Ni lazima arudi kwa wazee kutafuta neno ambalo huenda vijana wameshalisahau.

Hakurudi kwao kwa miaka 22. Alipokwenda mwaka 1911, aliandika kitabu Thinking Black, kilichotoka London mwaka 1912. Jina lake linamaanisha kufikiri kama mtu mweusi. Alitaka mgeni aingie ndani ya lugha kwanza, ndipo aseme. Lakini kitabu hicho kina pande mbili. Kinasifu sarufi ya watu wa Katanga, kisha kurasa chache mbele kinadharau desturi zao. Na Kiingereza chake kimepindapinda kiasi kwamba msomaji anajiuliza kama miaka ya Bunkeya na Luanza haikumfanya mgeni katika lugha ya mama yake.

Biblia nzima aliimaliza kuitafsiri muda mfupi kabla ya kufa. Usiku mmoja mwaka 1926 aligonga mkono kwenye rafu karibu na kitanda chake. Kidonda kidogo, hakukijali. Mkono ukavimba, na tarehe 3 Juni akafariki hapohapo Luanza.