Maisha ya Onesimos Nesib

Muhula uliopita nililala bweni moja na mwenzangu Mborana wa Moyale, nami nikamwomba anifundishe lugha yake, yaani Kioromo. Maneno ya nyumbani hayakunitaabisha: maji ni bishaan, maziwa ni aannan, nyumba ni mana, moto ni ibidda. Taabu ilianza kwenye vitenzi. Sisi tukisema alikuja, msikilizaji hajui kama ni mume au mke. Mworomo hukubainishia: mwanamume ni dhufe, mwanamke ni dhufte. Ndugu wa kiume ni obboleessa, wa kike ni obboleettii. Hata jua na mwezi kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kike! Siku moja nilimtaja baba yake kwa kitenzi cha mwanamke, akacheka hata akaketi chini. Alipokwisha kucheka akanisimulia habari za Onesimos Nesib, nami nikazitafuta zaidi vitabuni.

Mtu huyu alizaliwa karibu na mwaka 1856 huko Hurumu, magharibi ya nchi ya Ethiopia. Jina lake la utotoni lilikuwa Hiikaa, maana yake mfasiri. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne. Mwaka 1869 wezi wa watu walimnyakua kwa mama yake mjane, akapita katika mikono ya mabwana wanane mpaka akafika Massawa, bandari ya Bahari ya Sham. Huko Werner Munzinger alimkomboa, akatiwa katika shule ya wamisionari wa Sweden pale Imkullu. Alibatizwa mwaka 1872, na baadaye akasoma Sweden miaka mitano. Mara mbili alijaribu kurudi kwao, na mara zote mbili hakufika.

Hapa ndipo ninapomhurumia. Alitaka kufasiri Biblia kwa Kioromo, walakini aliondolewa kwao angali kijana, na tangu hapo alikuwa akisoma kwa lugha za wageni. Kijana hujua maziwa na moto. Lakini maneno ya wazee barazani, ya mashairi na mafumbo, angeyapata wapi, naye yuko pwani ya mbali? Basi alisaidiwa na msichana aitwaye Aster Ganno, aliyekuwa mtumwa vilevile, akaokolewa mwaka 1886 katika chombo kilichokuwa kikimpeleka Arabuni kuuzwa. Aster alikusanya maneno ya kamusi, akaandika nyimbo, vitendawili, methali na hadithi zipatazo 500, zote kutoka kichwani mwake. Agano Jipya lilitoka mwaka 1893, kitabu cha kusomea mwaka 1894, na Biblia nzima mwaka 1899, kwa herufi za Kihabeshi. Jina lililosifiwa ni la Onesimos peke yake. Mimi naona Aster alidhulumiwa.

Mwaka 1904 walifika Wallagga, wakafungua shule. Onesimos alihubiri kwa lugha ya watu wenyewe, makasisi wakamshtaki, na mwaka 1906 akaitwa Addis Ababa. Mfalme Menelik alimruhusu arudi Nekemte, ila asihubiri tena, basi akafundisha. Miaka kumi baadaye Lij Iyasu alimfungulia kuhubiri. Alikufa mwaka 1931, na Aster mwaka 1964.

Mwenzangu amekwenda likizo. Ameniachia maneno arobaini ya kukariri, na kando ya kila moja ameandika kama ni la kiume au la kike.