Padre Damien wa Molokai: aliyeiheshimu miili iliyotupwa

Mwishoni mwa mwaka 1884, katika kisiwa cha Molokai huko Hawaii, padre mmoja aliingiza miguu kwenye maji ya moto ili aioshe baada ya safari. Ngozi ikababuka na malengelenge yakatoka, lakini yeye hakusikia maumivu. Kwa miaka 11 alikuwa amewahudumia watu wenye ukoma, kwa hiyo hakuhitaji daktari wa kumweleza kilichompata.

Padre huyo ni Damien. Wazazi wake walimwita Jozef De Veuster. Alizaliwa Januari 3, 1840, katika kijiji cha Tremelo nchini Ubelgiji, kwa mkulima na mfanyabiashara wa nafaka. Alikuwa kijana wa nguvu, mzoefu wa kazi za mikono. Aliyepangiwa kwenda umisionari Hawaii ni kaka yake, lakini kaka akaugua, Jozef akaomba aende badala yake. Alifika Honolulu Machi 1864 na kupewa upadre miezi miwili baadaye. Miaka tisa ya kwanza alitumikia parokia za vijijini, akijenga makanisa kwa mikono yake mwenyewe.

Wakati huo Hawaii ilikuwa ufalme. Ukoma ulikuwa umeingia na dawa haikuwepo. Mwaka 1865 Mfalme Kamehameha wa Tano alitia saini sheria ya kuwatenga wagonjwa, na mwaka uliofuata wa kwanza wakapelekwa Kalawao, kwenye rasi ya Molokai. Huko pande tatu ni bahari, na upande wa nne ni genge refu lililosimama kama ukuta. Mtu alitolewa kwa mke, kwa mume, kwa watoto, akashushwa ufukweni. Kwa macho ya walio nje alikuwa tayari maiti.

Damien alifika hapo Mei 10, 1873. Mpango wa awali ulikuwa mapadre wanne wapokezane zamu. Yeye alianza, na hakuondoka tena. Majuma ya kwanza alilala chini ya mti wa jamii ya mkadi, ule ambao wasikilizaji wa pwani wanaujua kwa maua yake yanayonukia.

Hapa ndipo naomba tutulie kidogo, msikilizaji. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Mara nyingi tunalisikia fundisho hilo likielekezwa kwa vijana, kuhusu uzinzi na ulevi. Damien alilichukua kwa upana zaidi. Alikuta watu wakizikwa bila jeneza, kwenye mashimo mafupi ambayo nguruwe na mbwa waliyafukua. Akachukua msumeno na nyundo akatengeneza majeneza, akachimba makaburi yenye kina, akazungushia uzio. Wa kwanza aliowarudishia heshima walikuwa wafu, na walio hai waliona.

Kisha akageukia wenye pumzi. Alivuta maji kwa mabomba kutoka bondeni ili watu waoge na kuosha vidonda. Alifunga vidonda hivyo mwenyewe. Harufu ilikuwa kali hata akaanza kuvuta kiko ili aweze kuivumilia. Wagonjwa wengine walishindwa kuzuia mate, wakaona aibu kuingia kanisani, basi akatoboa matundu kwenye sakafu ili wateme bila kujificha. Kwangu mimi tendo hilo dogo lina uzito kuliko hotuba nyingi. Hakudai mwili upone kwanza ndipo uingie nyumbani mwa Mungu. Aliirekebisha nyumba iupokee ulivyo.

Alikula nao pia. Chakula cha wenyeji ni poi, uji mzito wa magimbi, unaochotwa kwa vidole kutoka bakuli moja. Wakubwa wake walikuwa wamemtahadharisha asiguse wala kuguswa. Hakuweza kuishi hivyo.

Je, alikosea? Swali si jepesi, maana mwili wake nao ulikuwa zawadi ya Mungu. Mwaka 1888 alifika Mama Marianne Cope na masista wenzake Wafransisko. Mama huyu alisisitiza usafi na kunawa mikono, na hakuna sista wake aliyeambukizwa. Naye leo ni mtakatifu. Damien mwenyewe hakuudharau mwili wake. Alipougua alitafuta tiba, akaenda Honolulu mwaka 1886 kwa daktari Mjapani Masanao Goto, aliyetibu kwa maji ya moto na dawa za miti. Akaipenda tiba ile na kuwapelekea wagonjwa wa Kalawao.

Alikufa Aprili 15, 1889, akiwa na miaka 49. Kabla kaburi halijakauka, mchungaji mmoja wa Honolulu aliandika kwamba alikuwa mchafu, mkaidi, na kwamba ugonjwa ule aliupata kwa uasherati. Wengi wakati huo waliuhusisha ukoma na kaswende. Aliyemjibu ni mwandishi Robert Louis Stevenson, ambaye hata Mkatoliki hakuwa. Alikuwa amefika Molokai na kuwauliza watu. Alikubali kwamba Damien alikuwa na hasira na ubishi, lakini tuhuma ya uasherati aliikataa kwa ukali.

Tayari mwaka 1873, mwaka uleule Damien alipofika Kalawao, daktari Armauer Hansen wa Norwei alikuwa ameona kijidudu cha ukoma. Ni bakteria. Si laana, si urithi wa ukoo, si adhabu ya dhambi ya mtu. Leo kuna dawa mseto, inatolewa bure, na mgonjwa hutibiwa kwa miezi sita au mwaka mmoja akiwa nyumbani kwake. Ukiona baka mwilini lisilosikia mguso wala joto, nenda kituo cha afya mapema, kabla vidole na macho havijaharibika.

Damien alizikwa chini ya mkadi uleule uliompa kivuli alipofika. Mwaka 1936 mwili wake ulihamishiwa Ubelgiji, na watu wa Molokai wakaachwa na kaburi tupu. Mwaka 1995 alitangazwa mwenye heri, na mwaka 2009 mtakatifu. Baada ya tangazo lile la 1995, Ubelgiji ilikubali kuwarudishia watu wa Hawaii sehemu ya mwili wake. Walirudishiwa mkono wa kulia, ule uliofunga vidonda na kupiga misumari ya majeneza, wakauzika Kalawao.