Lumumba, mtu wa posta na maktaba

Kisangani hapahitaji kuelezwa Patrice Emery Lumumba alikuwa nani. Mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru na kwamba aliuawa. Mimi nataka kuzungumzia miaka yake isiyosimuliwa sana, ile aliyoishi mjini hapa, Stanleyville ya wakati huo, akiwa karani, msomaji na mhudumu wa vitabu. Nina sababu ya kuichagua. Wengi wetu tunaosoma lugha za Kiafrika, tukimaliza kitivo, tutakabidhiwa chumba cha vitabu cha shule, cha parokia au cha ofisi fulani, bila mafunzo ya ukutubi wala bajeti. Wengine watatuonea huruma kwamba tumekosa kazi. Nadhani watakuwa wamekosea: anayeshika ufunguo wa chumba hicho amepewa uongozi, na maisha ya Lumumba yanaonyesha ni uongozi wa namna gani.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 Onalua, kijiji cha Watetela katika Katako-Kombe, Sankuru. Jina lake la utotoni lilikuwa Élias Okit'Asombo. Alisoma katika shule za misheni, kwa Wakatoliki na kwa Wamethodisti, lakini sekondari hakuimaliza. Alifanya kazi kwa muda katika kampuni ya migodi huko Maniema, na mwaka 1944 akaingia Stanleyville, kijana wa miaka 19. Alipata ukarani serikalini. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kusoma katika shule ya posta, kisha akarudi upande wetu kama mtumishi wa posta, kwanza Yangambi, baadaye Stanleyville yenyewe.

Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu aliyekosa sekondari alikuwa ameshafika mwisho wa njia. Mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa hata kwa walioimaliza: chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilianza kufundisha mwaka 1954. Lumumba alipita pembeni. Alijifunza kwa masomo ya barua, akasoma kila kitabu alichoweza kukipata, na akajitolea kuhudumu katika maktaba ya umma ya mji. Kazi ile haikuwa na mshahara. Faida yake ilikuwa vitabu, pamoja na kuwajua watu waliokuja kuviazima. Mtafiti Pierre Clément alipokuja miaka ya 1952 na 1953 kuchunguza maisha ya wakazi wa Stanleyville, Lumumba alikuwa msaidizi wake. Hapo alijifunza upande wa pili wa kazi yetu: kuuliza, kusikiliza na kuandika yanayosemwa na watu.

Somo la kwanza liko hapa. Mlango wa maktaba ukifunguliwa, huwezi kujua nani atauingia. Aliyemkabidhi yule karani wa posta kitabu chake cha kwanza hakujua kwamba anamlea waziri mkuu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiongozi wa maktaba ni kuhakikisha mlango uko wazi kwa asiyetarajiwa. Leo changamoto hiyo ina sura nyingine. Vitabu vyetu vingi ni vya Kifaransa, na msomaji anayewaza kwa Kiswahili au Kilingala anaviogopa kabla hajavigusa. Simu zinamletea habari nyingi kwa siku moja, nyingine za kweli na nyingine za uzushi, na mara nyingi hana wa kumsaidia kuzipambanua. Mkutubi anayesubiri mezani mpaka msomaji aje hataweza kitu. Ni lazima ajue lugha za watu wake, na hilo ndilo jambo ambalo kitivo chetu kinaweza kumpa.

Lumumba hakukaa na maarifa peke yake. Aliandika makala katika magazeti ya wakati huo, akaongoza vyama vya wasomi Waafrika na vya watumishi wa posta, na mwaka 1954 akapewa kadi ambayo wakoloni waliwapa Waafrika wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Mwaka 1956 akazuru Ubelgiji.

Sehemu inayofuata wengi wetu huiruka. Aliporudi mwaka huohuo alikamatwa kwa kutwaa fedha za posta, akatiwa hatiani na kufungwa, akatoka mwaka 1957. Wapo wanaomtetea kwa kutaja mishahara midogo ya Waafrika, na ni kweli mzungu wa kazi ileile alilipwa zaidi sana. Lakini fedha zile zilikuwa akiba za watu waliozikabidhi posta. Kumheshimu shujaa hakutulazimishi kulificha jambo hili, na kwa sisi tutakaotunza mali ya wengine lina uzito wake. Kitabu, hati, kanda ya sauti na akiba ya posta vyote ni amana. Uongozi wa mkutubi unasimama juu ya imani ya watu, na mshahara ukichelewa miezi, kama tunavyojua, imani hiyo ndiyo inayojaribiwa kwanza. Vitabu huuzwa kimojakimoja, na nyaraka huishia kufungia karanga sokoni.

Anguko lile halikuwa mwisho wake. Alihamia Léopoldville, akafanya kazi katika kampuni ya bia, na Oktoba 1958 akashiriki kuanzisha chama cha MNC. Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa Waafrika huko Accra. Stanleyville ikawa ngome yake. Gazeti la chama hapa mjini liliitwa kwa neno la Kiswahili, Uhuru. Alishinda uchaguzi wa Mei 1960, na tarehe 30 Juni nchi ikawa huru. Septemba aliondolewa madarakani. Alipotoroka Léopoldville kuja kwa watu wake wa Stanleyville, alikamatwa njiani mwanzoni mwa Desemba, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito.

Wauaji walitaka pasibaki kitu. Mwili uliyeyushwa kwa asidi. Kwa karibu miaka 40 simulizi rasmi zilikwepa wajibu wa Ubelgiji. Kilichozivunja ni karatasi. Mwaka 1999 Ludo De Witte alitoa kitabu kilichotokana na nyaraka zilizohifadhiwa, bunge la Ubelgiji likaunda tume, na mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi. Juni 2022 jino lake, masalio pekee, lilirudishwa Kongo na kupitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Mkutubi wa nyaraka aliyeweka faili mahali pake na kuliandikia namba alifanya jambo ambalo bunduki hazikuweza kulizuia. Ila tuone na uchungu wake: sehemu kubwa ya karatasi hizo iko Brussels. Mkongo anayetaka kujua kifo cha kiongozi wake huanza kwa kuomba viza.

Mimi natoka Bafwasende, kwenye barabara ya kwenda Nia-Nia. Wazee wa Kibali huko wamenisimulia hadithi na asili za majina ya vijiji, nami nimezirekodi kwa simu kwa ajili ya utafiti wangu. Kila rekodi nimeiandikia tarehe, kijiji, jina la msimulizi na ruhusa yake, na nakala moja itabaki kwao. Simu inaweza kuibwa au kuanguka mtoni, na mzee hawezi kurekodiwa mara ya pili akiwa kaburini. Hicho ndicho chumba changu cha vitabu kwa sasa, na ufunguo ninao mimi.

Ndiyo maana nasema tusingoje cheo wala jengo. Anayefungua mlango kwa asiyetarajiwa, asiyegusa amana, na anayetunza karatasi ambayo faida yake itaonekana baada ya miaka 40, huyo ameshaanza kuongoza. Lumumba alifanya la kwanza, akajikwaa kwenye la pili, na la tatu alifanyiwa na watu ambao hakuwahi kuwaona.