Hélène de Montgeroult

Hélène de Montgeroult (jina la kuzaliwa: Hélène Antoinette Marie de Nervo, Lyon, Ufaransa, 2 Machi 1764 – Firenze, Italia, 20 Mei 1836) alikuwa mpiga piano, mwalimu na mtunzi wa muziki kutoka tabaka la makabaila wa Ufaransa. Alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha darasa la piano la wanaume katika Konservatori ya Paris. Anahesabiwa pia kati ya watunzi waliotangulia muziki wa kipindi cha Romantiki.

== Maisha ya awali ==

Alijifunza piano mjini Paris. Mmoja wa walimu wake alikuwa Nicolas-Joseph Hüllmandel. Mwaka 1784 aliolewa na Markisi wa Montgeroult.

Kwa desturi za wakati ule haikufaa mwanamke wa cheo chake kupiga muziki hadharani kwa malipo. Hivyo alisikika katika nyumba za watu binafsi tu, ambako alisifiwa hasa kwa muziki aliobuni papo hapo. Mara nyingine alipiga pamoja na rafiki yake, mpiga fidla Giovanni Battista Viotti.

== Wakati wa mapinduzi ==

Baada ya Mapinduzi ya Kifaransa kuanza mwaka 1789, kuwa kabaila kulikuwa hatari. Mwaka 1793 Hélène na mumewe walisafiri na Hugues-Bernard Maret, aliyetumwa kuwa balozi huko Napoli. Walipofika kaskazini mwa Italia walikamatwa na Waaustria. Markisi alifariki kifungoni mjini Mantova mwaka huohuo, naye mjane wake akarudi Ufaransa.

Kuna masimulizi mashuhuri kwamba alishtakiwa mjini Paris, akaokoka gilotini kwa kupiga wimbo La Marseillaise kwa ustadi mkubwa hata waamuzi wakaimba pamoja naye. Habari hiyo iliandikwa miaka mingi baadaye, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Hata hivyo ina msingi fulani: mwaka 1794, makabaila walipoamriwa kuondoka Paris, Kamati ya Usalama wa Umma ilimruhusu abaki, ili kipaji chake kitumike katika sherehe za taifa.

== Mwalimu ==

Konservatori ya Paris ilipoanzishwa mwaka 1795, aliteuliwa kuwa profesa wa piano. Alijiuzulu mwaka 1798, akaendelea kufundisha nyumbani. Kati ya wanafunzi wake walikuwa Louis-Barthélémy Pradher na Alexandre Boëly. Mwanamke mwingine aliyekuwa profesa wa piano hapo, Louise Farrenc, aliteuliwa mwaka 1842.

Baada ya kifo cha Markisi aliolewa tena mara mbili. Mwanawe, Horace His de la Salle (1795–1878), alijulikana kama mkusanyaji wa michoro, ambayo mingi aliitoa kwa makumbusho ya Louvre.

== Kazi zake ==

Alitunga sonata 9 za piano, pamoja na nyimbo. Kazi yake kubwa ni kitabu cha mafunzo ya piano katika juzuu 3, chenye kurasa zaidi ya 700, kilichotolewa mnamo mwaka 1820. Kina mazoezi 972 na etudi 114, yaani vipande vya muziki ambavyo kila kimoja kinamfundisha mpigaji ustadi fulani. Alitaka piano iige sauti ya mwimbaji, ingawa noti yake huanza kufifia mara tu inapopigwa.

Etudi nyingi kati ya hizo zinafanana na muziki wa Robert Schumann na Frédéric Chopin, ambao mwaka 1820 walikuwa bado watoto. Etudi za kwanza za Chopin zilitolewa mwaka 1833.

== Kifo na kumbukumbu ==

Mwishoni mwa maisha yake alihamia Italia. Alifariki Firenze akiwa na umri wa miaka 72, akazikwa katika Santa Croce. Kwa kuwa hakupiga katika maonyesho ya hadhara, jina lake lilisahaulika mapema. Tangu mwanzo wa karne ya 21 kazi zake zimechapishwa upya na kurekodiwa, na zinapigwa tena na wanamuziki wa nchi mbalimbali.