Haddow: Mtaalamu aliyefuata nyayo za virusi katika damu

KATIKA kijiji cha Kibuyuni karibu na Shimoni, kusini mwa pwani ya Kwale, ambako akina mama hulima mwani baharini, mtu akishikwa na homa na maumivu ya viungo, wengi hudhani ni malaria kabla damu haijapimwa.

Lakini si kila homa iletwayo na mbu ni malaria. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya damu kutoka pwani ya Kenya, wakaonyesha kuwa wakazi wengi walikuwa na kingamwili za virusi vya chikungunya na o'nyong-nyong. Mgonjwa hupona na kusahau, ila damu yake haisahau.

Miongoni mwa watu walioijenga elimu hiyo Afrika Mashariki ni Alexander John Haddow, Mskoti aliyezaliwa Desemba 1912. Alisomea elimu ya wanyama na udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow, kisha akaja Kenya kuchunguza mbu wa ndani ya nyumba za wenyeji wa Kisumu.

Mwaka 1942 alijiunga na taasisi ya utafiti wa homa ya manjano mjini Entebbe, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Wakfu wa Rockefeller wa Marekani.

Wakati huo kupima kingamwili ilikuwa kazi ya subira. Majimaji ya damu ya mtu yalichanganywa na virusi, kisha mchanganyiko huo ukadungwa panya wa maabara. Panya wakifa, damu ile haikuwa na kinga. Wakiishi, ilikuwa dalili kwamba mwenye damu aliwahi kuambukizwa, hata kama hakumbuki siku aliyougua.

Vipimo hivyo vilileta fumbo. Huko Bwamba, magharibi mwa Uganda, kingamwili za homa ya manjano zilipatikana katika damu za watu, na pia katika damu za kima wa msituni. Nani alikuwa akiwaambukiza kima juu mitini, na ugonjwa uliwafikiaje wanadamu chini?

Haddow na wenzake walijenga majukwaa juu ya miti, na wenyeji wakaketi humo usiku na mchana wakiwanasa mbu waliokuja kuwauma. Ilibainika kwamba mbu aina ya Aedes africanus huuma zaidi vileleni baada ya jua kutua, wakati kima wanapopumzika. Kima hao huvamia mashamba ya ndizi, ambako mbu wa aina nyingine, azaliaye katika maji yaliyotuama kwenye makwapa ya majani ya migomba, huwauma kima na wakulima vilevile. Fumbo likafumbuliwa.

Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, kima aliyewekwa juu ya mti kama mtego alipata homa. Kutoka katika damu yake kilipatikana kirusi kipya kilichopewa jina la msitu huo. Haddow, George Dick na Stuart Kitchen walitangaza ugunduzi huo mwaka 1952. Vipimo vya kingamwili vilidokeza kuwa baadhi ya watu walikwisha kuambukizwa, ila wachache walidhani kuwa jina hilo lingeutetemesha ulimwengu miongo sita baadaye.

Haddow aliiongoza taasisi hiyo kuanzia 1953 hadi 1965. Katika uongozi wake, mwaka 1959, ulizuka kaskazini mwa Uganda ugonjwa wa homa na viungo kuuma ambao Waacholi waliuita o'nyong-nyong. Ulienea hadi Kenya na Tanganyika, ukawapata watu wapatao milioni mbili. Wataalamu wa Entebbe walikipata kirusi chake, wakaona kwamba huenezwa na mbu aina ya Anofelesi, walewale waenezao malaria.

Kirusi hicho ni ndugu wa karibu wa chikungunya, iliyotambuliwa Newala, Tanganyika, miaka ya 1952 na 1953. Kwa sababu ya undugu huo kingamwili zao hufanana, na kipimo kimoja chaweza kumchanganya mpimaji. Ndiyo maana hata leo majibu ya damu kutoka pwani husomwa kwa uangalifu.

Haddow alirejea Glasgow, akawa profesa na mkuu wa kitivo cha udaktari, na mwaka 1972 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society ya Uingereza. Alipenda sana zumari za Kiskoti, hata akaandika kitabu juu ya muziki wake. Alifariki Desemba 1978.

Majina ya wenyeji walioketi mitini wakiumwa na mbu kwa ajili ya sayansi hayakupata umaarufu kama lake. Hata hivyo kazi yao ingali hai. Lamu ilipokumbwa na chikungunya mwaka 2004, ni vipimo vya kingamwili vilivyoonyesha kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Bila vipimo hivyo, wengi wao wasingehesabiwa kamwe.